Jina Nyuma ya Picha ya Bibi Subilaga

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani hii ya jirani ambayo hata wewe uliyekaa huko nyuma unaweza kuikumbuka, palikuwa na watu watatu katika mji wa Tukuyu waliojifunza kupiga picha ukubwani. Watu watatu, kamera moja. Watu watatu, kadi moja. Iangalieni vizuri hiyo kadi ya kuhifadhia picha, maana ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ikipotea hiyo, na hadithi imepotea.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ambwene, mpima ardhi mstaafu. Kamera ilikuwa yake. Aliletewa na bintiye aliyeolewa mbali. Kwa miaka thelathini na minne Mzee Ambwene alipima mashamba ya watu, na alipostaafu akaona hana tena cha kupima, akaanza kupima mwanga. Kijitabu cha kamera alikisoma mara saba, pamoja na zile kurasa za Kijapani asizozielewa. Namba zote za kupangia mwanga alizijua. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alipomaliza kupima, mtu alikuwa ameshachoka na kwenda zake. Picha zake zilikuwa na mwanga safi kabisa, uliokiangukia kiti kitupu.

Wa pili alikuwa Lusajo, kinyozi. Kibanda chake kilitazamana na soko, na kando ya kioo alikuwa na kompyuta kuukuu. Kati ya mteja na mteja aliikalia, akizitengeneza picha za wenzake.

"Kunyoa na kuhariri picha ni kazi moja," alipenda kusema. "Unaondoa kisichotakiwa. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta ukikosea, nywele zinarudi."

Lakini naye mwanzoni hakujua pa kuishia. Picha ya kwanza ya harusi aliyoitengeneza, alimng'arisha bwana harusi kiasi kwamba mama wa bibi harusi aliuliza, kwa sauti ya chini, binti yake ameolewa na nani.

Wa tatu alikuwa Tusekile, mwenye kitalu cha miche ya parachichi, na huyu ndiye tutakayeambatana naye, kwa sababu alikuwa na hamu kuliko wenzake wote na ujuzi mdogo kuliko wenzake wote. Mwezi wa kwanza alipiga picha nyingi za dole gumba lake mwenyewe. Mwezi wa pili akaanza kupiga watu, ila bila vichwa.

"Dada Tusekile, huyu ni nani?" Lusajo alimwuliza siku moja, akionyesha koti jeusi na mikono iliyoshika Biblia.

"Mchungaji."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Alikuwa mrefu."

Cheka, lakini usimdharau. Tusekile alikuwa na sababu. Mama yake alipofariki, nyumba nzima ilipekuliwa isipatikane picha yake, isipokuwa ile ndogo ya kwenye kitambulisho cha kupigia kura. Wakaikuza. Wakaikuza tena, mpaka uso wa mama ukawa vigae vigae, kama sakafu. Waombolezaji walipita mbele yake wakiinamisha vichwa kwa heshima, na Tusekile, aliyesimama pembeni, akajua kwamba hakuna hata mmoja aliyemwona mama yake.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja: wazee wa Tukuyu wapigwe picha zao wakiwa hai, sura zao wenyewe, kabla hazijatafutwa kwenye vitambulisho. Lakini mzee humwekei kamera usoni katikati ya mbolea na miche. Mzee anataka kiti, anataka ukuta, anataka dirisha linaloingiza mwanga kwa adabu. Tusekile alikuwa na miche elfu moja na mia mbili. Dirisha hakuwa nalo.

Kamera ilizunguka kwa zamu. Kila aliyemaliza zamu aliipitisha kwa Lusajo, kadi ikatolewa, picha zikahamishiwa kwenye kompyuta. Na kwa kuwa walijijua, waliandika sheria wakaibandika juu ya kioo cha kinyozi: ANAYETOA KADI NDIYE ANAYEIRUDISHA.

Sasa, katika mji huohuo alikuwapo Bibi Subilaga, mjane wa mpiga picha. Enzi zile za filamu, mumewe ndiye aliyepiga picha Tukuyu nzima, katika chumba kimoja kilichotazama barabara. Mume alipofariki chumba kilifungwa. Kiti kilibaki ndani, stendi za taa zilibaki ndani, na dirisha, dirisha kubwa refu lililotazama upande usio na jua kali, lilibaki ndani likiangaza vumbi.

Siku moja Bibi Subilaga aliwaita wale watatu, akawapa chai na ndizi za kuchemsha, akawaonyesha ukuta wa sebuleni. Palikuwa na picha zake kumi na mbili. Katika zote alikuwa amekaa vilevile: shingo imekakamaa, midomo imebanwa, macho yametumbuliwa kama mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba mkungu wa ndizi.

"Marehemu alinipiga picha hizi zote," alisema. "Akishasema tu 'tayari', mimi nakuwa gogo. Basi nina picha kumi na mbili ukutani, na mimi simo hata katika moja. Sasa macho yangu yanaanza kuingia ukungu. Nataka nijione kabla hayajafunga."

Akatoa ufunguo kifuani, uliofungwa kwenye ncha ya khanga.

"Atakayenipiga picha nikaitazama nikasema 'huyu ni mimi', chumba ni chake. Na kiti, na taa, na dirisha."

Tusekile aliposikia neno dirisha, ndizi ilimkwama kooni. Lusajo akampiga mgongoni.

"Bibi," Lusajo akasema, "si utupe wote watatu? Sisi ni kitu kimoja."

"Marehemu naye alikuwa kitu kimoja na mwenzake," Bibi akajibu. "Walikuwa na pazia la kupigia picha, limechorwa ndege ya abiria na ngazi ya kupandia. Walipogombana wakaligawana kwa mkasi. Mwenzake akaondoka na ndege, sisi tukabaki na ngazi. Kwa miaka ishirini watu wa Tukuyu walipigwa picha wakipanda ngazi isiyofika popote. Hapana. Mlango ni mmoja, ufunguo ni mmoja, mtu ni mmoja."

Zamu ilikuwa ya Mzee Ambwene, akaanza yeye.

Alifungua kile chumba Jumatatu asubuhi, akafagia, akapima. Alijaribu kiti pembe hii, akajaribu pembe ile, mpaka akapata mahali ambapo mwanga wa dirisha uliligusa shavu moja na kuliachia la pili kivuli chembamba. Upande wa kivuli akatundika shuka jeupe, ili mwanga uligonge urudi kidogo. Akaisimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Akapanga namba. Akampa Bibi ishara, Bibi akawa gogo, akabonyeza.

Jumatatu alibonyeza. Jumanne alibonyeza. Na mjue kwamba Mzee Ambwene alikuwa na msimamo wake: picha akishaipiga haitazami. Kuchungulia kioo cha kamera kila unapobonyeza, alisema, ni tabia ya watoto. Mpima ardhi haendi kuamsha vigingi kila usiku kuuliza kama bado vipo. Pembeni mwa kile kioo palikuwa na kialama chekundu kikimetameta siku zote mbili. Alikiona. Akadhani ni cha betri.

Jumanne hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, Tusekile alipita kwa kinyozi. Lusajo alikuwa na mteja kitini, upande mmoja umekwisha, upande wa pili kichaka.

"Dada," Lusajo akasema, akiielekeza mashine ya kunyolea kwenye kompyuta, "hebu nitazamie. Kile kilichochomoza pale ubavuni ni nini?"

Tusekile akainama. Akakichomoa. Wakatazamana.

"Ni kadi," alisema Tusekile.

"Ni kadi," alisema Lusajo.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Na Mzee huko anapiga nini?"

"Anapiga mlio tu," Lusajo akasema polepole.

"Sheria inasema anayetoa ndiye anayerudisha."

"Dada yangu, sheria imwone na huyu ndugu, nusu kichwa! Nikimwacha hivi atatembeaje?"

"Mwende tu," akasema yule mteja, "mimi nitasubiri." Lakini alisema kwa unyonge, na Tusekile tayari alikuwa ameshatoka, mabuti ya shambani yakimpiga miguuni, akipanda mteremko na kadi ndani ya ngumi.

Alipoingia alimkuta Bibi kitini, gogo lilelile, na Mzee Ambwene nyuma ya kamera.

"Usisimame hapo," Mzee alisema bila kugeuka. "Unakula mwanga wangu."

"Mzee. Kamera haina kadi."

Mzee Ambwene aliishusha kamera kutoka kwenye stendi, taratibu, akakifungua kile kimlango cha pembeni. Akachungulia. Ndani palikuwa wazi na patupu kama kinywa cha mtoto mchanga.

"Umepiga ngapi?" Bibi aliuliza.

"Sitini na tatu."

"Ziko wapi?"

"Hazipo, Bibi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Siku mbili," Bibi alisema. "Kiuno kimekufa ganzi. Nimemeza mate mpaka yamekwisha. Nzi amenitua puani nikamwacha akae, nikasema nisimharibie Mzee kazi. Na hazipo."

Mzee Ambwene, aliyesimamisha vigingi vya nusu ya wilaya na hakuna kilichowahi kulalamikiwa, alimkabidhi Tusekile kamera, akasogea hadi ukutani, kando ya kiti cha Bibi, akakaa sakafuni chini ya ile ngazi ya kuchorwa kwenye pazia, akaufunika uso kwa mikono yote miwili.

Tusekile akaichomeka kadi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Akasikia mlio kama wa sufuria inayoanza kuchemka.

Alikuwa Bibi Subilaga. Mabega yalianza, kisha shingo, ile shingo ya gogo, ikalegea ikaanguka upande. Mkono ukaenda kifuani. Kinywa kikafunguka chote, na ndani yake meno mawili, moja juu moja chini. Alicheka mpaka machozi yakapata njia katika mikunjo, na akaendelea kucheka, akimnyooshea kidole Mzee Ambwene asiyeweza kumwona.

Wakati huohuo wingu likapita dirishani, kama kawaida ya mawingu ya Tukuyu, chumba kikaingia giza. Tusekile aliinua kamera. Hakupima. Hakugusa namba. Akabonyeza mara moja, na betri, iliyokuwa imefanya kazi siku mbili bila faida, ikazimika.

"Umepiga?" Mzee Ambwene aliuliza kutoka nyuma ya vidole.

"Nimepiga."

"Umepima?"

"Sijapima."

"Namba?"

"Zakozako, Mzee. Sikuzigusa."

"Hizo ni za mwanga! Sasa hivi ni wingu!" Akaufunika uso tena.

Kwenye kompyuta ya kinyozi picha ilionekana hivi: nyeusi. Ukiikazia macho, imeinama upande kama kibanda kilichosukumwa na upepo. Kwenye pembe, kiwiko cha Mzee Ambwene. Na chini kabisa ya weusi huo, kama kitu kilichodondoka ndani ya chungu, palikuwa na uso unaocheka.

"Ninaweza kumtoa humo," Lusajo alisema.

Siku mbili alifanya kazi. Wateja walinyolewa kwa haraka wiki hiyo, na kuna mmoja hadi leo hajamsamehe. Siku ya tatu wakapanda wote kwa Bibi na picha iliyochapishwa kubwa, na Lusajo aliibeba kama keki.

Bibi akaitazama. Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mikunjo yangu iko wapi?"

"Nimeilainisha kidogo."

"Na haya meno?"

Lusajo akajifanya anainyoosha kona ya picha.

"Nakuuliza, baba. Haya meno ni ya nani?"

"Ya mchungaji," alisema Lusajo.

"Kumbe kichwa chake kilipatikana," alisema Tusekile.

"Kayarudishe kanisani," Bibi akasema. "Na mikunjo yangu nirudishie yote. Nimeihangaikia miaka themanini na moja, wewe unaifuta kwa siku mbili?"

Mtu mwingine angekata tamaa, au angekasirika. Lusajo alishuka kimya, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kurudisha nywele. Alirudisha mikunjo, mmoja mmoja. Akaondoa meno. Akaondoa weupe. Alipofika tena kwenye ule weusi wa mwanzo akakaa muda mrefu bila kugusa kitu. Tusekile alimwona kupitia mlangoni, kidevu juu ya ngumi, akimtazama Bibi kama anavyotazama kichwa cha mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. Kisha akaanza upya. Mwanga kidogo, akapumzika. Mwanga kidogo, akapumzika. Akainyoosha picha isimame. Kile kiwiko akakiondoa, na mahali pake akaurudisha ukuta kwa uvumilivu, chembe baada ya chembe. Usoni hakuongeza kitu. Usoni aliinua giza tu.

Walipanda tena. Bibi Subilaga akaipokea picha, akaenda nayo dirishani. Akaitazama bila miwani. Akaitazama na miwani. Mzee Ambwene akakohoa. Tusekile alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Huyu," alisema Bibi Subilaga, "ni mimi."

Akaiinua kwenye mwanga.

"Kumbe nacheka hivi. Hakuna aliyewahi kuniambia." Akaipitisha ncha ya kidole juu ya kile kinywa kilichofunguka. "Marehemu alimjua huyu. Alimjua vizuri. Ila hakuwahi kumkamata."

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo ugumu ulipo.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi. Kila picha iliyotoka katika chumba kile iliandikwa nyuma, kwa penseli, tarehe na jina la aliyeipiga. Bibi akaigeuza picha kifudifudi mezani. Akaweka ufunguo upande huu, penseli upande ule.

"Jina nitakaloliandika hapa," alisema, "ndilo la mwenye chumba. Semeni."

Mzee Ambwene akasimama, akavuta koti.

"Jina ni langu. Dirisha nililisoma mimi. Kiti nilikiweka mimi. Shuka lililoangaza shavu hili nililitundika mimi. Namba ni zangu. Dada Tusekile, kwa heshima zote, hajui namba hata moja. Amechuma tunda katika mti nilioupanda mimi siku mbili. Na kuna jambo lingine." Hapo alifunga kifungo cha koti. "Bibi, ulicheka nini? Ulinicheka mimi. Miaka thelathini na minne nimefanya kazi na hakuna aliyenicheka. Aibu yangu ndiyo iliyoufungua uso huu. Nani mwingine hapa ameitolea picha hii kitu kikubwa hivyo?"

"Samahani, Mzee," Lusajo akadakia. "Hiyo aibu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kadi. Nani aliisahau kadi? Ningeikumbuka, leo tungekuwa na picha sitini na tatu za Bibi akisubiri hukumu."

"Sasa kijana unajisifia kusahau?"

"Sijisifii, Mzee. Wewe umeleta aibu mezani, na mimi naleta kosa langu. Lakini tuyaache hayo. Bibi, picha iliyotoka kwenye kamera ilikuwa usiku mtupu. Hakuna ambaye angekuona. Picha ya kwanza niliyokuletea uliikataa, ya pili ukaipokea. Mwanga wa Mzee ni uleule. Kidole cha Dada ni kilekile. Kilichobadilika katikati ni nini? Ni mimi. Nilikosea kwa mikono hii, na kwa mikono hii nikajifunza kuacha kufanya. Jina ni langu."

Wakamgeukia Tusekile.

Alikuwa akiliangalia dirisha. Mwanga uliingia ukakaa juu ya kiti kitupu, na katika kiti kile alikuwa ameshawakalisha wazee wote wa mtaani kwao, mmoja baada ya mwingine, mama yake akiwa wa kwanza.

"Mimi sina namba," alisema. "Kompyuta sina. Lakini Mzee, wakati Bibi anacheka ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Umefunika nini?"

"Uso."

"Na wewe Lusajo?"

"Nilikuwa na mtu. Nusu kichwa."

"Basi aliyekuwa anamtazama Bibi ni mimi peke yangu. Cheko lile lilikuwa likipita. Hakuna shuka la kulishika, na kompyuta huwezi kuiambia ilirudishe. Nilikimbia na kadi isiyo kosa langu, nikafika, nikaona, nikabonyeza. Jina ni langu."

Angeishia hapo. Angeishia hapo, labda hadithi ingekuwa fupi. Lakini alikuwa mtu wa miche, anayejua kwamba kikonyo kikibandikwa vibaya kwenye mche kitaonekana tu, mwaka huu au mwaka ujao.

"Na niseme na hili," akaongeza, akiiangalia mikono yake. "Mikono ilikuwa inatetemeka. Kila nikikumbuka, sina uhakika kama nilibonyeza kwa kukusudia, au kidole kilishtuka."

Lusajo akafumba macho. "Dada! Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Bibi Subilaga alicheka kidogo, lile cheko la kwenye picha, likaonekana na kutoweka. Akaichukua penseli.

"Niwaambie kitu," alisema. "Jina la marehemu nimeliandika mimi nyuma ya picha elfu kumi, labda zaidi. Mwandiko ni wangu. Taa nilishika mimi. Katika chumba cha giza cha kusafishia picha, dawa nilichanganya mimi, na mtu aliyetoka mweusi kupita kiasi nilimwinua mimi, polepole, kama alivyofanya huyu. Aliyechangamsha watoto ili wacheke nilikuwa mimi. Yeye alipima, akabonyeza. Niliandika jina lake na sikuona ubaya. Ila siku moja, picha ya pacha wawili wa kijiji cha Masoko, penseli ilisimama yenyewe. Nikajiuliza. Nikaona jibu ni gumu, na pacha wanasubiri, nikaandika jina lake."

"Na leo, Bibi?" aliuliza Mzee Ambwene.

"Leo hakuna anayesubiri isipokuwa ninyi."

"Hivi," alisema Lusajo, aliyeshindwa daima kunyamaza, "hata wewe mwenyewe si una haki? Aliyecheka ni wewe."

"Mimi ufunguo ninao tayari, baba. Sidai ninachokimiliki." Akaiinamia picha. "Aliyeficha uso. Aliyesahau. Aliyeshtuka. Nimetafuta picha hii miaka sitini kwa watu wenye uhakika, sikuipata."

Akaandika tarehe, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyeandika mara elfu kumi. Chini ya tarehe akaandika: *Imepigwa na*. Kisha penseli ikasimama.

Nje mvua ilianza kugonga bati. Mzee Ambwene hakuupima mwanga ulivyobadilika. Lusajo hakusema neno. Tusekile hakulitazama dirisha tena. Aliitazama ncha ya penseli, na palipo peupe mbele yake, padogo, pa kutosha jina moja.

Sasa ninyi msinitazame mimi. Mtazameni Bibi, ameinua kichwa, na anawatazama ninyi. Aliyeandaa mwanga na kuaibika, aliyesahau kadi na kumtoa Bibi gizani, au aliyeona na kidole kikamtangulia: je, mngemwambia aandike jina la nani?